Kumpangia mtoto usingizi wa mchana: mwongozo kwa wazazi wa Dar es Salaam

Ratiba nyingi za kulaza watoto zinazozunguka kwenye simu zimeandikwa kwa ajili ya mtoto mwenye chumba chake, kitanda chake na mama anayeshinda nyumbani. Mtoto wa Tabata au Mbagala mara nyingi analala chumba kimoja na wazazi, dirisha linatazama uani kwa wapangaji wengine, na likizo ya uzazi ya siku 84 ikiisha mama anarudi kazini. Anayebaki naye ni dada wa kazi, bibi, au mama mdogo aliyeletwa kutoka mkoani. Kwa hiyo mimi naanzia hapo: utaratibu unaofaa ni ule ambao yeyote anayeshinda na mtoto anaweza kuufuata, hata asiye na ziwa. Ukimzoesha mtoto kwamba usingizi wa mchana unapatikana kwa kunyonya tu, siku utakayorudi ofisini watalia wote wawili, mtoto na dada.

Kwanza, umri wake

Mtoto wa chini ya miezi 3 huna cha kumpangia. Analala, ananyonya, anachafua nepi, analala tena. Mchana na usiku bado havijaachana mwilini mwake. Kwa umri huo fanya mambo mawili tu. Mchana akae penye mwanga na kelele za kawaida za nyumba, usiku akae gizani na watu wazungumze kwa sauti ya chini. Halafu asikae macho zaidi ya dakika 60 hadi 90 kabla ya kulazwa tena. Saa ya mwili huanza kukaa sawa kati ya mwezi wa 2 na wa 4, na hapo ndipo mpangilio unaposhika. Kama mtoto wako alizaliwa njiti, hesabu umri kuanzia tarehe uliyopewa kliniki ya kujifungua. Usihesabu tangu siku aliyotoka, utamdai mambo ambayo ubongo wake haujafikia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake mwaka 2019. Mtoto wa miezi 0 hadi 3 alale saa 14 hadi 17 katika siku nzima. Wa miezi 4 hadi 11 alale saa 12 hadi 16. Wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14. Usiku na mchana vimejumlishwa humo. Ona pengo lilivyo kubwa: watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana saa 4 na wote wakawa wazima. Kwa hiyo usimpigie mahesabu mtoto wako kwa kumtazama wa jirani.

Kinachosaidia zaidi kuliko jumla ya saa ni muda anaoweza kukaa macho kabla hajachoka. Miezi 3 hadi 4 ni kama dakika 75 hadi 120, na hulala mara nne au zaidi kwa mchana. Miezi 5 hadi 7 ni saa 2 hadi 3, na usingizi unakuwa mara tatu. Kuanzia kama mwezi wa 8 anaweza kwenda saa 3, baadaye hadi 4, na mara mbili zinamtosha.

Wa huku tuna bahati moja. Jua la Dar linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Kati ya mwezi wa mapema kabisa na wa kuchelewa kabisa tofauti haifiki hata saa nzima. Ratiba ukishaipata haivurugwi na majira. Itavurugwa na mambo mengine, tutayafikia.

Mtazame siku tatu nne kabla hujabadilisha chochote

Chukua daftari la kawaida, lining'inize karibu na mlango wa chumba, na anayeshinda na mtoto aandike mambo matatu: saa aliyoamka, saa aliyoanza kuchoka, saa aliyolala. Baada ya siku hizo utashangaa. Mtoto uliyedhani hana mpango wowote utakuta anachoka karibu muda uleule kila baada ya kuamka.

Dalili za kuchoka zina mapema na zina kuchelewa, na kazi yote iko kwenye kuzikamata za mapema. Mtoto aliyekuwa anacheka na kijiko cha plastiki anakiacha kidondoke na hakitafuti. Anakodolea macho sehemu moja, ukutani au kwenye feni. Unamsemesha anageuza uso. Kisha zinafuata zile ambazo kila mtu anazijua: kupiga miayo, kufikicha macho, kuvuta sikio. Hapo bado uko ndani ya muda. Akishaanza kujikunja mgongo kwa nyuma, kurusha miguu, kutaka ziwa na kulikataa hapohapo, umechelewa. Usingizi umeshampaa, na kumlaza sasa kutachukua muda mara mbili na atalala kidogo. Wengi huona mtoto wa namna hii wakasema hana usingizi. Anao, umezidi.

Sikio lenyewe, akilivuta upande mmoja tu, muda wote, na ana joto mwilini, si usingizi. Mpeleke akaangaliwe.

Mahali pa kulala

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu, maana nyumba zetu ndizo zinazoamua.

Anza na ukuta wa mito. Unaujua: mtoto katikati ya kitanda cha futi 5 kwa 6, mito minne imemzunguka asianguke, kanga imetupiwa usoni kuzuia nzi, mama kaenda zake kufua. Mito hiyo haizuii mtoto wa miezi 5 kugeuka. Inachofanya ni kumpokea uso akishageuka, na yeye hana nguvu ya kuutoa. Kitambaa usoni vilevile. Kama huna kitanda cha mtoto chenye vizuizi, tandika mkeka sakafuni, weka juu yake godoro jembamba lililo gumu, lile ambalo ukibonyeza kwa kiganja halibaki na shimo, kisha shuka moja lililovutwa na kubana pembe zote. Liwe mbali kidogo na ukuta ili asijibane katikati. Akibingirika ataangukia mkeka, hapo ni inchi chache tu. Kagua sisimizi kwanza, na usimwache peke yake akishajua kutambaa.

Alale chali. Watakuja watakaokuambia chali atapaliwa na maziwa. Mtoto akilala chali njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayaingii kwenye hewa kirahisi. Marekani ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa takriban nusu miaka iliyofuata. Akifikia kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, wewe mlaze chali, yeye akijigeuza mwache.

Kochi hapana, hata kwa dakika tano, hata kama umekaa pembeni. Mtoto anateleza kwenye ule mkunjo wa mgongo wa kochi na huwezi kuona pua yake iko wapi.

Kama kwenu mtoto hufungwa uzi au hirizi, sitaingia kwenye ugomvi na bibi yake. Ila ufungwe kiunoni, ulegee, na shingoni pabaki patupu wakati wa kulala.

Sasa joto. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana wa Dar unafika nyuzi 31 hadi 33 na jasho halikauki kwa unyevu wa bahari, na bado utakuta mtoto kavalishwa sweta, kofia na soksi kwa sababu eti upepo utamwingia. Kwa usingizi wa mchana miezi hiyo, nepi na singlendi ya pamba vinamtosha. Pengine nepi peke yake. Kujua kama ana joto, mguse nyuma ya shingo au kifuani. Mikono na miguu huwa ya baridi hata mtoto akiwa anachemka, isikudanganye. Shingo ikiwa na jasho, mvue. Feni iwashwe, ielekezwe ukutani au izunguke ili hewa itembee chumba kizima. Na joto hilo halimfanyi mtoto wa chini ya miezi 6 ahitaji maji. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Nyumba ya bati isiyo na dari, kati ya saa 7 na saa 9 mchana, hata ufanye nini chumba hakilaliki. Usipigane nacho. Mhamishie kibarazani au kwenye kivuli cha mti, mkeka, godoro lake, chandarua cha mwavuli juu, na mtu mzima pembeni. Mwembe ndiyo, mnazi hapana.

Chandarua ni cha mchana pia. Wengi tunakishusha saa 12 jioni kwa sababu tunafikiria malaria, na mbu wa malaria kweli ni wa usiku. Mbu wa dengue anauma mchana, na jiji hili lilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, ukarudi tena 2019. Chandarua ulichopewa kliniki ukiwa mjamzito kinatosha, kikunje chini ya godoro pande zote. Dawa ya mbu ya kuchoma usiiwashe kwenye chumba anacholala, wala udi, wala jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kukiwa na mvua. Moshi ni mbaya kwa mapafu yake, na mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Mwanga: pazia zito, au kitenge kilichobanwa juu ya dirisha kwa vibanio vya nguo. Giza totoro halihitajiki. Ukishindwa kusoma ujumbe kwenye karatasi, panatosha.

Kelele usizihangaikie kupita kiasi. Adhana, mashine ya kusaga, honi za bodaboda, mtoto wa hapa anavizoea mapema kwa kuwa vipo kila siku. Kinachomkurupusha ni sauti ya ghafla katikati ya kimya: bati la geti likipigwa, muuzaji mwenye spika akipita na tangazo la dawa ya panya. Mngurumo wa feni unazimeza nyingi kati ya hizo. Jirani mwenye sabufa ni suala la kuzungumza, na linazungumzika ukienda mapema kabla hujakasirika: “Kaka, habari za mchana. Mtoto analala saa saba mpaka saa nane na nusu, naomba hiyo besi upunguze kidogo muda huo tu.” Ukimpa saa kamili anakubali. Ukimwambia mtoto analala, basi, atakuuliza kwani analala siku nzima?

Vitendo vyenyewe, vya dakika kumi

Mtoto hajui saa. Anajua kinachofuata baada ya nini. Chagua vitendo vichache, vifanyike kwa mpangilio uleule kila mara, na vyote viwe vya kuweza kufanywa na mtu yeyote wa nyumba hiyo.

1. Ziwa au chupa au uji vije akiamka, au angalau dakika 20 kabla ya kumlaza. Akimaliza, mbebe begani atoe hewa. Lengo ni kutenganisha kushiba na kusinzia. Usiku nyonyesha alale, hakuna ubaya wowote. Tunazungumzia mchana, ambako wewe hutakuwepo.

2. Dalili ya kwanza ya kuchoka ikitokea, mtoe kwenye kelele na watu. Zima televisheni. Wageni wamuage.

3. Badilisha nepi, mpanguse uso, shingo na makwapa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mtoto wa Dar anayelazwa na jasho la asubuhi anajikuna akaamka. Mvalishe zile nguo nyepesi.

4. Funga pazia, washa feni, muda wote ukimwambia sentensi ileile. Yoyote, ila isibadilike: “Haya, tunakwenda kulala.” Miezi ya mwanzo utajiona unaongea peke yako.

5. Mshike kifuani au mpakate, wimbo mmoja, uleule, mara mbili tatu. Hapa ndipo pa kumpa bibi nafasi. Bibi akijua kwamba wimbo ni wake, hatavuruga hatua nyingine. Mwambie tu, “Mama, huu wimbo wako ndio anaouelewa, naomba uwe unamwimbia kila akilala,” na umepata mshirika badala ya mpinzani.

6. Mlaze akiwa amelegea lakini bado hajapitiwa, macho yanafumba na kufumbuka. Tanguliza matako, kisha mgongo, kichwa mwisho; ukitanguliza kichwa anahisi anaanguka na anashtuka. Weka kiganja kifuani pake, kibaki hapo. Mpigepige taratibu pajani. Shusha chandarua.

Akilia? Subiri kidogo mkono ukiwa hapohapo. Akizidisha mbebe, mtulize, mrudishe. Ile mbinu ya kumfungia mlango alie mpaka alale siishauri kwa mtoto mdogo, na hata ukiipenda, kwenye nyumba ya wapangaji sita utagongewa na mama mwenye nyumba kabla ya dakika kumi.

Kuhusu mgongo: sioni sababu ya kuwakataza watu mbeleko. Kumbeba mgongoni kwa kanga kunamtuliza mtoto haraka kuliko chochote nilichokiona. Akishalala unamshusha kwenye godoro lake, au unambakiza usingizi mmoja wa siku mgongoni na mingine yote chini. Masharti ni uso wake uonekane, pua isibanwe na mgongo wako, kidevu kisiguse kifua, na anayembeba asisimame kwenye jiko wala asikaange chochote.

Kumviringisha kanga, kwa wale wachanga, kunafaa mradi ni kanga moja nyepesi, isibane nyonga, na ikome mara tu anapoanza kujaribu kujigeuza.

Anza na usingizi mmoja

Kosa la wengi ni kutaka kupanga siku nzima kuanzia Jumatatu. Panga usingizi wa asubuhi tu kwa wiki ya kwanza. Ni mwepesi kuliko yote: mtoto ametoka kuamka, uchovu wake unatabirika, na saa 3 asubuhi bado hakujachemka. Ukishakaa, ongeza wa saa 7. Wa jioni acha uje wenyewe, ndio wa kwanza kufa akikua.

Mtoto wa miezi 7 siku yake inaweza kuonekana hivi. Anaamka saa 12 na nusu asubuhi. Analala saa 3 hadi saa 4 na robo. Analala tena saa 7 hadi saa 8 na nusu. Jioni anajiegesha nusu saa, kuanzia saa 11. Usiku analala saa 2. Jumla inakaribia saa 14, iko ndani ya makadirio. Akiamka mapema siku moja, viwahishe vyote kwa kufuata muda wake wa kukaa macho. Usimsubirishe hadi saa iliyoandikwa ukutani.

Kuna jambo la foleni. Mzazi anayetoka Posta akafika Goba au Kimara saa 2 usiku anataka kumwona mwanawe, na ni haki yake. Vitabu vitakuambia mtoto alale mapema. Mimi nasema usingizi wa jioni usogezwe hadi saa 11 na nusu, aamke saa 12 na nusu, na alale saa 3 usiku, mradi asubuhi naye aachwe achelewe kuamka. Kisichowezekana ni kumlaza saa 4 usiku na kumwamsha saa 12 kwa sababu ya kelele za watu wanaojiandaa kwenda kazini, halafu mchana ukalaumiwa.

Kumkabidhi dada

Anza wiki mbili kabla ya kurudi kazini. Siku za mwanzo fanya wewe, yeye atazame. Zinazofuata afanye yeye, wewe uwe chumba cha pili. Kisha toka kabisa: nenda sokoni, nenda saluni, kaa kwa jirani. Mtoto ananusa maziwa, ukiwa mlangoni hatamkubali mtu mwingine.

Maelezo yawe ya mdomo na ya kuonyesha. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

“Dada, kuanzia leo usingizi wa asubuhi ni wako. Ukiona ameacha kuchezea na anakodolea ukuta, usisubiri alie.”

“Na akikataa, mama?”

“Mbebe mgongoni dakika kumi, akilegea mshushe. Simu usimpe.”

“Akilala nifue?”

“Anza na wewe kukaa chini unywe chai.”

Hilo la mwisho nalisema makusudi. Nyumba nyingi usingizi wa mtoto ndio muda wa dada kufua, kudeki, kupika na kupiga pasi, na dada mwenye ndoo tatu za nguo zinazomsubiri atamlaza mtoto kwa haraka na kwa hasira. Mtoto anaijua mikono yenye haraka.

Muulize pia, bila kumtisha, amezoea nini huko alikotoka. Wengine wamefundishwa kumpa mtoto dawa ya maji ya mafua au ya kikohozi ili alale. Sema waziwazi kwamba ni marufuku: dawa hizo zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua ya mtoto mdogo. Uji kwenye chupa nao haumlazi, unampalia. Na ile imani ya chango kwa kila kilio, iende sambamba na kuangalia kwanza kama amechoka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Kama unakaa karibu na kazini, zitumie kufika wakati anaamka, usifike wakati analala. Kama unakaa mbali, kubaliana na mwajiri uzitumie kuondoka mapema. Utamkuta akiamka usingizi wa jioni, na huo ndio mnyonyesho mzuri kuliko wote.

Usingizi wa dakika thelathini na tano

Malalamiko makubwa ni haya: analala, dakika 35 baadaye macho makavu. Usingizi wa mtoto unakwenda kwa mzunguko wa kama dakika 45 hadi 50, na mwisho wa kila mzunguko anapanda juu, anajigeuza, analalama kidogo. Anayemkimbilia hapo kumwinua ndiye anayemwamsha. Subiri nje ya chandarua dakika mbili tatu. Mara nyingi anarudi mwenyewe. Asiporudi, mpigepige pajani kama wakati wa kumlaza. Akishindwa, mwinue, na muda wa kukaa macho unaofuata uwe mfupi kidogo. Chini ya miezi 5 usingizi mfupi ni wa kawaida kabisa, wala hakuna la kurekebisha.

Akikurupuka kila mara muda uleule, chunguza: ni saa ya mlio wa mtu wa aiskrimu? Jua linapita dirishani? Umeme huwa unakatika? Feni ikizima mtoto anaamka kwa ukimya na kwa joto kwa pamoja. Feni ndogo ya kuchaji ni matumizi ya maana kuliko midoli yote.

Siku zinazovurugika

Kuna msiba mtaani, turubai limefungwa mbele ya geti. Kuna shughuli ya mwali, ngoma usiku kucha. Kuna siku ya kliniki: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinaweza kumfanya asinzie sana au agome kabisa kwa siku moja mbili. Siku hizo mwache alale vyovyote anavyolala, mgongoni, mikononi, kwenye daladala. Kinachobaki ni vile vitendo, hata viwili tu kati ya sita: kumpangusa na wimbo. Kesho yake anza tena na usingizi wa asubuhi.

Masika mvua ikipiga bati atalala fofofo hata zaidi ya muda wake. Wa mchana usizidi saa 2 hivi kwa mara moja kama usiku wake unaharibika, vinginevyo mwache.

Lakini pambanua usingizi na ugonjwa. Mtoto anayelala kupita kawaida yake, ukimwamsha hanyonyi, amelegea, anapumua haraka au kifua kinabonyea, au amepata degedege, hilo ni la hospitali saa hiyohiyo. Kwa wa chini ya miezi 2, joto la nyuzi 37.5 au zaidi ni la hospitali pia. Mchanga wa siku chache anayelala sana na macho au ngozi inageuka manjano, usisubiri jua la asubuhi limponye.

Kupunguza idadi

Usingizi wa tatu hufa wenyewe kati ya miezi 6 na 9. Utajua kwa sababu jioni atakataa kulala, au atalala na usiku asiufikirie usingizi mpaka saa 4. Uondoe, na mlaze usiku mapema kwa wiki mbili tatu.

Kutoka miwili kwenda mmoja ni kazi zaidi, na huja kati ya miezi 13 na 18. Wengi hukimbilia kufuta kwa sababu mtoto kagoma siku tatu. Mara nyingi ni jino au ni kuanza kutembea, subiri wiki mbili uone. Ukiwa na hakika, usiufute wa asubuhi ghafla. Usogeze kwa dakika 15 kila siku mbili tatu, kutoka saa 3 na nusu hadi saa 5, hadi saa 6, mpaka ufike saa 6 na nusu mchana, alale mpaka saa 8 na nusu. Chakula chake kiwe mezani saa 6 kamili. Wali wa watu wakubwa ukichelewa kuiva, mpe ndizi na maharage ya jana yaliyopashwa vizuri, kwa sababu mtoto wa namna hii akisubiri atalalia sahani, na akilalia sahani dakika kumi tu, ule usingizi mrefu umeondoka mpaka kesho.